Mzee wa Kanisa na Maporomoko Yake

Mwaka wa sitini na tisa, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki. Nikatolewa darasa la pili, nikaanza kubeba viazi kichwani kutoka shambani mpaka barabarani. Shida yangu ilianzia hapo na sitaieleza zaidi. Kila mtu wa rika langu huku milimani juu ya Uyole ana shida yake, na hakuna aliyepewa kiti cha mbele kwa kuisimulia. Isipokuwa mtu mmoja, na huyo ndiye ninayemwandika.

Tulimwita Mzee wa Kanisa. Wazee wa kanisa tulikuwa nao wengi, lakini ukitaja Mzee wa Kanisa bila kuongeza neno, hata mtoto anayejifunza kutembea alijua unamsema nani. Alizaliwa wapi, ukoo gani, hayo waulizeni wanaopenda mambo ya koo. Mimi nilimjua kwa jinsi alivyokaa mbele, na kwa kitu kilichomweka pale mbele, yaani ushuhuda wake.

Ushuhuda wenyewe nitausema kwa kifupi, ingawa yeye hakuwahi kuufupisha. Alisema alipokuwa kijana, mlevi na mgomvi, alisafiri nje ya nchi, akapanda mlima wenye msitu mzito kwenda kuona maporomoko makubwa. Alipofika ukingoni akateleza. Mkono wa kulia ukadaka mzizi. Akaning'inia, chini maji yananguruma, juu hakuna mtu. Ndipo akasikia anaitwa jina lake. Akapanda kwa ule mzizi mpaka juu, akarudi nyumbani mtu mwingine, pombe hakuigusa tena. Hapo huinua ule mkono, na kanisa zima hugeuza macho kuutazama kama vile bado una udongo.

Mkono ulikuwa na kovu, ni kweli. Mke wake, kabla hajafariki, aliniambia lile kovu alilipata akichonga mpini wa jembe. Nikacheka, nikanyamaza. Nilikuwa na magunia ya kushona.

Sasa hiyo nje yake. Nje yenyewe ni Malawi! Ukisimama Kasumulu, pale mpakani, ukarusha jiwe, limefika. Mbuzi wa watu huvuka mto Songwe kwenda kula kule na kurudi jioni, na hakuna mbuzi hata mmoja aliyewahi kutuhutubia. Lakini yeye kila neno lilianza na "Sisi tuliofika nje." Mvua ikinyesha mpaka barabara inakatika, yeye amesimama na mwavuli wake umefungwa, anasema, "Hii mnaiita mvua? Kule nje nililoweshwa na moshi wa maji tu, nikiwa mbali." Parachichi za nje zilikuwa kubwa. Usingizi wa nje ulikuwa mzito. Kitinda mimba wangu alipoanza kwenda China kununua vifaa vya simu, alipita kumuaga. Mzee akamwekea mkono kichwani, akamwambia:

"Mwanangu, China ni biashara. Nje ni pale mtu anapobadilika."

Kijana akarudi kwangu amenuna. "Mama, ndege saa zile zote, halafu naambiwa sijafika nje?"

"Kaa kimya," nikamwambia. "Wewe huna mzizi."

Alivaa koti moja la suti, rangi ya majivu, masika na kiangazi, mpaka likawa linasimama lenyewe ukilitundika. Alikula polepole kama anahesabiwa. Hotuba yake ya harusi ilipoza chakula. Akiombwa kuombea chakula aliombea kwanza mataifa, na sisi tunatazama mchuzi unaganda. Alipenda kusema, "Mlima haumpandi mtu." Alilisema kwa wanafunzi wanaofeli, kwa wakulima waliopigwa na ukungu wa viazi, kwa mwanamke aliyeachwa. Sijui maana yake mpaka leo, na nadhani yeye pia hakujua.

Lakini nisimwonee. Mimi namdharau mtu kwa lile analostahili, lile jingine namwachia. Akifa mtu kijijini, kabla kilio hakijatulia, Mzee wa Kanisa alishafika na jembe lake. Hakuuliza marehemu alikuwa wa dhehebu gani wala kama ameacha mali. Alivua lile koti, akalikunja, akaingia kaburini na kuchimba mpaka sehemu ngumu ile ambayo vijana huiogopa. Hakula msibani mpaka akina mama wanaopika wawe wamekula. Nimeona wachungaji wasiofanya hivyo.

Na mizani. Mimi ni mnunuzi wa viazi. Nimeuza viazi mpaka Iringa mjini, nimepeleka viazi Ruaha Mbuyuni nikarudi na vitunguu, nimeshuka Ubaruku kufuata mchele. Kazi yetu ina lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu juu yake linajengewa kichuguu cha viazi na kushonewa kamba, na mkulima analipwa gunia moja. Ndivyo soko lilivyotufundisha. Siku moja Mzee wa Kanisa alinikuta shambani kwa mtu napakia. Akasimama mbele ya gunia.

"Mama, hili gunia limevaa kofia."

"Mzee, soko ndilo linataka hivyo."

"Soko halitasimama siku ya hukumu. Utasimama wewe na gunia lako. Ivue hiyo kofia."

Akawafanya wapakiaji wangu wafungue kamba na kumwaga kile kichuguu mbele ya mkulima, na mimi nimesimama pale na kitenge changu kiunoni kama mwizi wa kuku. Tangu siku hiyo hatukupendana. Alinisalimia kila mara, na mimi niliitikia kila mara, ndivyo tulivyolelewa. Basi.

Sasa nieleze safari, maana huyu mtu ukimweleza bila safari umeeleza koti tu.

Mama Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa ni mwanamke aliyezika mtoto wake wa pekee. Alilala ndani miezi, hali, haogi. Mzee wa Kanisa akawa anakwenda kila jioni anakaa mlangoni anamweleza habari ya mzizi. Hatimaye yule mama akaamka. Tangu hapo, kwake yeye, ule ushuhuda ulikuwa chakula. Basi kanisa lilipopata urafiki na kanisa moja la ng'ambo, upande wa Karonga kule Malawi, Mama Mwenyekiti akawashawishi wenzake watoe zawadi. Walichanga kimyakimya, wakalima shamba la pamoja, na mimi wakanibana nikatoa viazi vya safari. Jumapili moja wakamsimamisha Mzee wa Kanisa mbele na vigelegele.

"Mzee wetu," akasema Mama Mwenyekiti, "umetupeleka kwenye mzizi kwa maneno miaka yote. Sasa sisi tunakupeleka kwa miguu. Tunakwenda nje, tunakwenda maporomoko yako!"

Watu wanaruka, yeye ameshika benchi. Ulikuwa uso wa mtu anayeambiwa nyumba yake inaungua, na ndani ameacha kitu. Siku ile nilianza kujua.

Akasema goti linamsumbua. Wakamletea dawa ya kuchua. Akasema waende vijana. Wakasema vijana watambeba. Akasema shukrani haina mahali. Mchungaji akasema, "Mzee, shukrani ikirudishwa pale pale inakolea." Hakuwa na pa kutokea. Akakata hati ya kusafiria kama sisi wengine, na ofisini aliweka kidole cha wino kama anaandikishwa jeshini.

Tukavuka Kasumulu na Coaster. Karonga tulipokewa vizuri mno. Watu wa pale lugha yao na Kinyakyusa ni ndugu wa tumbo moja, nusu ya akina mama wetu walikuwa wanaelewana nao tangu salamu ya kwanza. Lakini Mzee wa Kanisa, kwa kuwa ndiye mwenye nje, akasimama kututafsiria.

"Wanasema tumekaribishwa."

"Mzee, tumesikia," akasema mama mmoja, mdomo tayari una ndizi.

Kesho yake tukaenda kwenye milima inayotazama ziwa. Gari likatuacha chini, mwinjilisti mwenyeji wetu akatuongoza. Njia inapanda ndani ya msitu, giza mchana, mizizi imelala njiani kama nyoka walioshiba, udongo mwekundu unateleza, na mbega wanatutukana kutoka juu. Tulivaa kandambili na vitenge vya sare. Tulibeba chupa za chai, sufuria ya viazi vya kuchemsha, kuku wawili waliokaangwa. Na tulibeba kiti cha plastiki, chekundu, kutoka Uyole. Akina mama walikibeba kichwani kwa zamu, kuvuka mpaka na kupanda mlima, ili Mzee wa Kanisa akifika pale Mungu alipomwita, asikae chini kama mbuzi.

Njiani tukapishana na vijana wa Kizungu wanne wanashuka. Mabuti mpaka kwenye ugoko, fimbo mbili kila mmoja kama watu waliovunjika, maji wanayanyonya kwa mrija unaotoka mgongoni kama wagonjwa wa wodini. Wakatazama kiti, wakatazamana.

"Jambo!" wakasema.

"Marahaba," akajibu Mama Mwenyekiti, maana walikuwa watoto wadogo. Walipopita akauliza, "Hawa huko kwao wanakimbia nini?"

Mimi sijawahi kupanda mlima bila mzigo au bila shida, na siku ile ndiyo nilijua kwamba duniani kuna watu wanakwea kwa hiari, kwenda kutazama maji yakianguka. Maji yakianguka! Kwetu yanaanguka kwenye paa tunayalaani.

Mzee wa Kanisa alikuwa nyuma. Kila kona alifunga kiatu. Mtu aliyesema aliupanda mlima huu mlevi, usiku kucha hajalala, leo anafunga kiatu kilichofungwa. Nami nilikuwa nyuma kwa ajili ya unene wangu, basi nikamsikia akimvuta mwinjilisti shati na kumuuliza chinichini, "Samahani, ndugu. Hivi maji yenyewe yako mkono wa kulia au wa kushoto?"

Mwinjilisti akamjibu, akaenda zake mbele. Mimi nikasimama katikati ya njia.

"Mzee."

"Mama, tusonge, wenzetu wanatuacha."

"Hujawahi kufika hapa."

 Akakaa juu ya gogo lenye unyevu, na koti lake.

"Sijawahi," akasema. "Niliishia Kasumulu. Nilikuwa nabeba mizigo ya watu mpakani. Kulikuwa na mwenzangu wa huku, tulilala ghala moja. Yeye ndiye aliyeteleza. Alinieleza usiku mmoja, nikaacha pombe asubuhi yake. Hilo ni kweli, Mama. Kuacha pombe ni kweli."

"Kwa nini hukusema ni ya mwenzako?"

"Mara ya kwanza nilisema. Hakuna aliyenisikiliza. Mara ya pili nikasema ni mimi, watu wakalia."

Nikamcheka. Sikumwonea huruma, nilimcheka pale pale na mbega wakaitikia. "Wewe uliyenivua kofia ya gunia! Viazi vichache vilikushinda kuvumilia, na uongo wa mlima mzima umeutembeza hadharani! Ukamwibia mtu hata Mungu aliyemwita!"

"Najua."

"Basi kaseme."

"Wamenibebea kiti, Mama."

"Ndiyo. Kaa juu yake useme."

Tukafika. Sitasema maporomoko si makubwa. Ni makubwa. Maji yanatoka msituni yanajitupa chini mpaka hujui yameishia wapi, na moshi wake unakulowesha hata ukisimama mbali. Hilo tu ndilo alilolipatia, na alilipata kwa mwenzake. Kiti kikawekwa. Akina mama wakakaa chini kumzunguka. Mama Mwenyekiti alikuwa mbele kabisa, mikono magotini, anamtazama kama mtoto anayesubiri kulishwa.

Mzee wa Kanisa akakaa. Akavua kofia. Akasema, na nilisikia vizuri: "Jamani, mahali hapa mimi sijawahi kufika. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Akina mama wakatazamana. 

Mama Mwenyekiti akainuka. "Mzee amezidiwa na mlima. Mpeni chai." Wakampa chai ya maziwa kwenye kikombe cha mfuniko, wakampa paja la kuku, wakampepea kwa khanga, wakaanza wimbo. Akanywa. Wimbo ulipokwisha, Mama Mwenyekiti akamgusa goti. "Sasa Baba, tuonyeshe mzizi."

Na yule bwana akainua mkono, akaonyesha mzizi! Mzizi wa kwanza tu aliouona. Akausimulia ushuhuda wote, mwanzo mpaka mwisho, hakuruka hata mguno. Akina mama walilia, wakaugusa ule mzizi, wakachota maji kwenye chupa za soda. Sentensi moja ya kweli alikuwa nayo, ikanunuliwa kwa chai ya kikombe cha mfuniko.

Mtaniuliza mbona sikusema mimi. Kwa sababu watu walikuwa wanalia, na mtu anayelia hasikii. Tena haukuwa mzigo wangu. Nilishuka na sufuria yangu.

Tuliporudi, umaarufu wake ukaota pembe. Kabla alikuwa mtu aliyefika, sasa alikuwa mtu aliyefika mara mbili. Makanisa ya bondeni yakamwita. Walimu wa watoto wakataka kuuigiza ushuhuda siku ya mavuno. Yeye akaanza kusema sauti imekwenda. Wakasema anajinyenyekeza, wakamwita zaidi. Akakonda. Makaburini aliendelea kuchimba, lakini alichimba kama mtu anayetaka kubaki humo.

Masika haya yaliyopita, alikuja stoo kwangu Uyole. Sijawahi kumwona pale. Wapakiaji walipoona koti wakaanza kuficha kamba za kushonea. Nikampa ndoo iliyogeuzwa, akaketi.

"Mwaghonile, Mama."

"Mwaghonile, Mzee. Leo magunia yamevaa nini?"

Hakutazama magunia. "Tangu turudi nimewaambia mara tatu. Mchungaji nimemwambia, anasema ni shetani ananishtaki, akaniombea. Wazee wenzangu wameniombea. Mama Mwenyekiti amenipikia uji. Nataka useme wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu hunipendi. Wanaonipenda wote wananiombea. Wewe hata kijiji kizima kinajua hujawahi kumsitiri mtu."

Nilitaka kucheka kama kule mlimani, kicheko hakikuja. Alikuwa ameketi juu ya ndoo, magoti yamefika kifuani, mzee mzima, anaomba avuliwe nguo.

"Nikisema, watakuondoa."

"Ndiyo."

"Kile kiti cha mbele ndicho kitu pekee ulichonacho. Mke huna, shamba umegawa."

"Sina kitu, Mama. Kile ni cha yule mwenzangu wa ghalani, na hata sijui kama alizikwa na mtu."

Nikamwambia nitasema, lakini akae mbele ananitazama, nisiseme mtu hayupo. Akakubali. Akaondoka bila kugusa chai, na hapo kidogo nikamheshimu.

Jumapili, ulipofika wakati wa shuhuda, nikasimama. Watu wakageuka, maana sijawahi.

"Mimi sina ushuhuda," nikasema. "Nina taarifa. Mzee wa Kanisa hakuteleza kokote. Maporomoko yale aliyaona siku ile ile tuliyoyaona sisi, na njia alimuuliza mwinjilisti, nilikuwepo. Ya mzizi ni habari ya mbeba mizigo mwenzake. Amewaambia mara nne, mnamnywesha uji. Mwacheni mtu aseme!"

Mchungaji akamgeukia. "Mzee, ni kweli?"

"Ni kweli." Sauti ambayo tuliambiwa imekwenda ilifika mpaka mlangoni.

Hakuna aliyemnywesha kitu siku hiyo. Wakamweka chini ya marudi, wakamvua uzee wa kanisa, meza ya Bwana hakaribii mpaka watakapoona vinginevyo. Nje, Mama Mwenyekiti alinifuata mbio.

"Ulikuwa unapungukiwa nini ukinyamaza?"

"Mimi, hakuna. Yeye alikuwa anapungukiwa usingizi."

"Na mimi? Mimi niliamka kwa maneno yale!"

"Uliamka kwa sababu alikuja kila jioni kukaa mlangoni kwako. Hilo hakusimuliwa na mtu, alilifanya."

Akanipa mgongo. Mimi hanisalimii mpaka leo. Lakini Mzee anamsalimia bado, na siku za baridi anampelekea kuni. Ndivyo watu walivyo, nilishazoea.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, ambalo ni langu, watu wengine hulikimbia kwa ajili ya upepo. Wimbo wa kwanza umeanza. Mtu akaingia amechelewa, akasimama anatafuta pa kukaa. Amezoea mbele, nyuma hakujui. Akaja akajibana pembeni yangu, na lile koti linanuka udongo, maana jana yake tulikuwa na msiba.

"Ndaga, Mama," akanong'ona.

"Usinishukuru. Sogea kule, unanibana."

Akasogea. Akaanza kuimba, na ndipo nilipojua kwamba miaka yote ile pale mbele alikuwa anatupoteza sauti, maana hajui kuimba hata kidogo.

Leo nina nyumba mbili Uyole, moja ya kuishi na moja ya kupangisha. Nina stoo ya viazi yenye mlango wa chuma. Nina Fuso moja, si mpya. Nina shamba la viazi na la pareto, na miti ya mbao niliyoipanda mwenyewe. Nina ng'ombe wawili wa maziwa. Nina watoto watano, wote wamesoma kunizidi. Na kanisani nina nusu ya benchi la mwisho.